Jina, nembo, wimbo na mtambo: jinsi ya kulinda miliki ubunifu yako Tanzania Bara

Maswali ya wanaoanza ni yaleyale. "Nimesajili jina la biashara BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), mbona kuna mtu Mbeya anauza kwa jina langu?" "Nembo yangu naikatiaje hataza?" "Nina wazo la programu ya simu, hakimiliki ya wazo nalipia wapi?" Wote watatu wanatafuta ulinzi, ila hakuna aliyejua ni haki ipi inalinda kitu gani. Ukienda kuomba hivyohivyo, utalipia kisichokusaidia na kile cha maana kitabaki wazi.

Hapa chini tutamfuata mtu mmoja wa mfano: msindikaji mdogo wa Morogoro anayetengeneza siagi ya karanga na kuiita Kurumbiza. Kila palipoandikwa Kurumbiza, weka bidhaa, kazi au huduma yako. Taratibu ni za Tanzania Bara. Zanzibar na nchi jirani zina sheria zao, na zimetajwa panapohusika.

Haki zenyewe, kwa ufupi

Miliki ubunifu ni haki ambazo sheria inampa mtu juu ya kazi ya akili yake: kuitumia, kuiuza, kuikodisha, na kuwazuia wengine wasiitumie bila ruhusa. Haki nyingi kati ya hizi zina muda maalumu, na zote zina mipaka ya nchi. Aina utakazokutana nazo zaidi ni hizi:

- Alama ya biashara au huduma. Jina, nembo, au vyote pamoja, vinavyomwezesha mnunuzi kutofautisha bidhaa yako na ya mwingine. Husajiliwa BRELA chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986.
- Hakimiliki. Inalinda kazi zilizotungwa: kitabu, wimbo, picha, mchoro, filamu, maandishi ya programu ya kompyuta. Inaanza kazi inapoumbwa, hata kabla ya kusajili. Msimamizi wake ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kwa kawaida hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake.
- Hataza. Ni ya uvumbuzi, yaani suluhisho jipya la tatizo la kiufundi. Bila kusajili huna kitu.
- Umbo bunifu. Mwonekano wa bidhaa: umbo la chupa, nakshi ya kiti. Haihusu namna kitu kinavyofanya kazi.
- Siri ya biashara. Fomula, vipimo, orodha ya wateja. Haisajiliwi popote. Inalindwa kwa kufichwa na kwa mikataba.

Wazo tupu halimo kwenye orodha hiyo. Programu ya simu ikishaandikwa, maandishi yake yana hakimiliki. "Wazo la programu ya kuunganisha bodaboda na abiria" halina.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Akaunti ya mfumo wa usajili wa BRELA huhakikiwa kwa taarifa za NIDA, kwa hiyo jina na tarehe ya kuzaliwa viwe sawa na vilivyo kwenye kitambulisho.
- Kama mmiliki ni kampuni, cheti chake cha usajili na jina lake kamili kama lilivyoandikwa humo.
- Nembo katika faili safi la picha. Usitumie picha ya stika iliyopigwa kwa simu.
- Orodha ya bidhaa au huduma unazouza sasa, na zile utakazouza ndani ya miaka miwili au mitatu.
- Karatasi ya makubaliano na kila aliyeshiriki kutengeneza: mchoraji wa nembo, prodyuza, fundi wa mtambo, mwandishi wa programu.
- Baruapepe na simu unazozifungua kila siku. Barua za BRELA zina tarehe za mwisho.
- Pesa ya ada. Usichukue kiasi unachotajiwa mitaani. Mfumo wenyewe utakuonyesha ada ya siku hiyo.

Wakili si lazima kwa mkazi wa Tanzania anayesajili alama ya kawaida. Kwa hataza, au ukishawekewa pingamizi, mtafute.

Hatua ya 1: Igawe bidhaa yako vipande

Chukua karatasi, andika kila kitu kinachoifanya bidhaa iwe yako, kisha mbele yake andika haki inayokifaa. Kwa Kurumbiza:

- Neno "Kurumbiza": alama ya biashara.
- Mchoro wa ndege kwenye lebo: alama ya biashara, na pia hakimiliki kama kazi ya sanaa.
- Maelezo marefu ya lebo, picha za matangazo na wimbo wa tangazo la redio: hakimiliki.
- Kopo lenye umbo la pekee: umbo bunifu. Kama ni kopo la kawaida la dukani, huna cha kulinda.
- Kiwango cha kukaanga, muda wa kusaga na uwiano wa chumvi: siri ya biashara.
- Kinu kilichobuniwa upya ili mafuta yasijitenge: huenda kikafaa hataza.

Alama ya ubora ya TBS, msimbopau, TIN na leseni ya biashara vina kazi zake, lakini hakuna hata kimoja kinachokupa umiliki wa jina au nembo. Usiviweke kwenye karatasi hii.

Hatua ya 2: Kama kuna uvumbuzi, simama kwanza

Hili tunaliweka mapema kwa sababu likiharibika halirekebishiki. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi ambao ni mpya, una hatua ya ubunifu isiyo dhahiri kwa fundi wa fani hiyo, na unaweza kutumika kiwandani au kwenye uzalishaji. Upya hupimwa duniani kote. Ukikipeleka kinu chako Sabasaba au Nanenane, ukaweka video inayoonyesha ndani yake, au ukauza kimoja kabla ya kuwasilisha ombi, unaweza kuwa umeuvunja upya huo mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya maonyesho yoyote:

1. Tafuta kwanza kwenye PATENTSCOPE, hifadhi ya bure ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO). Andika kazi ya mtambo na sehemu zake, si jina ulilolibuni. Wengi hugundua hapa kwamba mtambo wao ulishaelezwa nchi nyingine miaka mingi iliyopita. Ni heri kujua sasa kuliko baada ya kulipa.
2. Amua mvumbuzi ni nani. Kama wewe ulisema "nataka mafuta yasijitenge" na fundi ndiye aliyebuni namna ya kulifanya hilo, mvumbuzi ni fundi. Mkataba wa kuhamisha haki usainiwe kabla kazi haijaanza, siyo baada ya mtambo kupata soko.
3. Andaa sehemu za ombi: fomu, maelezo kamili yatakayomwezesha fundi mwingine kuutengeneza, madai, michoro na muhtasari.
4. Wasilisha BRELA. Ukihitaji nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja, pitia ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu Afrika, kwa Itifaki ya Harare, yaani makubaliano yake kuhusu hataza. Ukishawasilisha ombi la kwanza, una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine za Mkataba wa Paris (mkataba wa kimataifa wa kulinda haki hizi) huku ukidai tarehe ileile ya mwanzo.

Moyo wa ombi ni madai. Ndiyo mistari inayochora mpaka wa haki yako. Ukiandika "kinu chenye mota ya nguvu ya farasi mbili na sufuria ya sentimita 40", mwenzako ataweka sufuria ya sentimita 45 na atakuwa nje ya mpaka wako. Ukiandika "kinu chochote cha kusaga karanga", utakataliwa kwa sababu vinu vipo tangu zamani. Kuandika madai ni ufundi wa watu maalumu, na hapa ndipo pesa ya wakili wa hataza inapolipa. Kwa Sheria ya Hataza ya 1987 muda ni miaka 10, unaoweza kuongezwa mara mbili kwa miaka mitano mitano, na ada za kila mwaka zisipolipwa haki hukatika.

Mtambo ulionunuliwa nje na kubadilishwa rangi si uvumbuzi. Njia za kufanya biashara, kanuni za hesabu na nadharia za sayansi pia hazipewi hataza.

Huna uvumbuzi wa kiufundi? Ruka moja kwa moja hatua ya 3. Wasindikaji na wafanyabiashara wadogo wengi wako kundi hili.

Hatua ya 3: Achana na dhana kwamba jina la biashara ni alama

Jina la biashara, mathalani "Kurumbiza Traders", linaiambia serikali na wateja nani anaendesha shughuli. Jina la kampuni linakitambulisha chombo. Alama ndiyo inayokupa haki ya kumzuia mwingine asiuze bidhaa zinazofanana kwa jina hilo. Vyote vitatu husajiliwa BRELA, na ndiyo maana watu huchanganya. Cheti cha jina la biashara mkononi hakimwondoi yule wa Mbeya dukani.

Hatari ni kwa pande zote mbili. Unaweza kuwa na jina la kampuni lililokubaliwa bila tatizo, kisha mwenye alama iliyosajiliwa akakutaka uache kulitumia kwenye bidhaa.

Amua hapahapa mmiliki wa alama atakuwa nani. Jina la biashara si mtu kisheria, kwa hiyo mmiliki anaandikwa wewe binafsi, au kampuni kama ipo. Mkiwa washirika wawili na alama ikaandikwa kwa jina la mmoja, siku ya kutengana mwingine atatoka mikono mitupu. Andikeni mapema.

Hatua ya 4: Lipime jina

Alama yenye nguvu haielezi bidhaa. Kurumbiza ni ndege, hana uhusiano na karanga, kwa hiyo ni jina zuri la siagi ya karanga. Neno la kubuni lisilo na maana yoyote lina nguvu zaidi. "Karanga Safi", "Siagi Bora", "Tamu Asilia" ni maneno ambayo kila muuzaji anayahitaji kueleza bidhaa yake, na msajili ana sababu ya kuyakataa. Majina ya mahali nayo ni ya kuangalia: "Siagi ya Morogoro" ni vigumu kuwa yako peke yako.

Epuka pia kinachodanganya ("Korosho Halisi" kwenye kopo la karanga), kinachochukiza maadili, na bendera au nembo za taifa na za mashirika ya kimataifa.

Maneno ya kawaida yanaweza kubaki kwenye lebo. Ukiwasilisha "KURUMBIZA Siagi ya Karanga", tarajia kutakiwa kukana haki ya pekee juu ya "siagi ya karanga". Kubali. Hupotezi chochote, kwa kuwa nguvu yako iko kwenye Kurumbiza.

Hatua ya 5: Tafuta kama kuna aliyetangulia

Tafuta kwenye mfumo wa BRELA, na omba upekuzi rasmi wa daftari la alama. Usitafute tahajia moja tu. Kinachopimwa ni kama mnunuzi wa kawaida anaweza kuchanganya, kwa kuona na kwa kusikia, na Kiswahili chetu cha mitaani kina sauti zinazobadilishana. Jaribu:

- r na l: Kurumbiza, Kulumbiza, Kulumbisa.
- z na dh, s na th, sh na s: Zahabu na Dhahabu ni alama moja masikioni mwa mnunuzi.
- k na c, kw na qu, f na ph: Kuku na Cucu.
- Wingi na umoja, neno moja na maneno mawili.
- Tafsiri: kama "Simba" imesajiliwa kwa bidhaa yako, "Lion" yenye picha ya simba itakuletea shida.

Kisha nenda madukani na sokoni, pita Instagram na Facebook. Mtu anayetumia jina kwa muda mrefu bila kusajili anaweza kukupinga baadaye. Kama unapanga kuuza nje, angalia pia Global Brand Database ya WIPO, ambayo ni ya bure.

Hatua ya 6: Chagua madaraja

Tanzania hutumia Mfumo wa Nice, mpangilio wa kimataifa wa bidhaa na huduma, wenye madaraja (makundi) 45: 1 hadi 34 ya bidhaa, 35 hadi 45 ya huduma. Alama yako inalindwa kwa bidhaa ulizoziandika, kwa hiyo hapa usifanye haraka. Machache yanayohitajika sana:

- 3: sabuni, mafuta ya kujipaka, vipodozi
- 9: programu za kompyuta na simu
- 24: vitambaa, pamoja na khanga na batiki ambazo hazijashonwa
- 25: nguo, viatu, kofia
- 29: nyama, maziwa, mafuta ya kula, matunda yaliyosindikwa, siagi ya karanga
- 30: unga, mchele, kahawa, chai, viungo, asali, mikate
- 31: mazao mabichi, mbegu, chakula cha mifugo
- 32: maji ya kunywa, juisi, bia
- 35: matangazo na uendeshaji wa maduka
- 41: elimu na burudani
- 43: migahawa na malazi
- 44: saluni na huduma za afya

Karanga mbichi ziko 31, zilizokaangwa ziko 29. Batiki ya jora iko 24, shati la batiki liko 25. Huko ndiko wanakopotea wengi.

Kila daraja ni ombi lake na ada yake. Kurumbiza anauza siagi ya karanga leo na anapanga unga wa lishe mwakani, kwa hiyo anahitaji 29 na 30. Pesa ikiwa ndogo, aanze na 29. Asijaze madaraja sita kwa kujihami: alama isiyotumika kwa miaka mitatu mfululizo inaweza kuondolewa daftarini kwa ombi la mwingine.

Maelezo ya bidhaa yawe wazi. "Siagi ya karanga, karanga zilizokaangwa" inatosha. "Vyakula" haitoshi, na "bidhaa zote" inarudishwa.

Hatua ya 7: Malizana na mchoraji wa nembo

Kumlipa mchoraji hakukupi hakimiliki. Aliyechora ndiye mwenye haki mpaka aihamishe kwa maandishi yenye saini. Maneno kama haya yanatosha kwa kazi ndogo:

"Mimi ________, niliyechora nembo ya KURUMBIZA iliyoambatishwa hapa, ninahamisha kwa ________ haki zote za kiuchumi za hakimiliki katika nembo hiyo, kwa nchi zote na kwa muda wote wa ulinzi wake, kwa malipo ya Sh ________ ambayo nimeyapokea. Ninathibitisha kuwa mchoro huu ni kazi yangu mwenyewe na haukunakiliwa popote."

Wote wawili wasaini, waweke tarehe, na nembo yenyewe ichapwe kwenye karatasi hiyohiyo. Haki za kimaadili, kama ile ya kutambulika kuwa ndiye mchoraji, hubaki kwake.

Nembo iliyotengenezwa kwa kiolezo cha Canva na programu za namna hiyo haifai kusajiliwa. Kiolezo kilekile kinatumiwa na wengine, na masharti yake hayakupi haki ya pekee. Tafuta mchoraji akuchoree upya.

Hatua ya 8: Wasilisha ombi BRELA

1. Fungua akaunti kwenye ors.brela.go.tz kwa namba yako ya NIDA.
2. Chagua huduma ya alama za biashara na huduma, ombi jipya.
3. Jaza mmiliki. Jina la kampuni liandikwe herufi kwa herufi kama kwenye cheti.
4. Pakia alama. Ushauri wetu: sajili neno peke yake kwanza. Neno likisajiliwa kwa maandishi ya kawaida unaweza kubadilisha mchoro miaka ijayo bila kupoteza ulinzi. Kama unapakia mchoro na rangi si kiini cha alama, upakie mweusi na mweupe. Alama isiyobanwa rangi huhesabiwa kuwa ya rangi zote.
5. Weka daraja na maelezo ya bidhaa.
6. Kama alama ina neno la lugha isiyo Kiswahili wala Kiingereza, andaa tafsiri yake.
7. Pata ankara na namba ya malipo ya tarakimu 12, lipa kwa benki au simu. Jina la mpokeaji litakalotokea kwenye simu liwe la BRELA. Usilipe kwenye namba ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa ofisa.
8. Hifadhi namba ya ombi na tarehe. Haki yako, ikipatikana, huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo ya kuwasilisha.

Tangu sasa unaweza kuweka herufi TM kando ya jina. Ile R ndani ya duara isubiri cheti, kwa sababu kuitumia mapema ni kudai usajili usiokuwapo.

Hatua ya 9: Fuatilia hadi cheti

Ombi hukaguliwa. Likikubaliwa, alama hutangazwa kwenye jarida rasmi, na mtu yeyote ana siku 60 za kupinga. Siku hizo zikipita salama, unakamilisha malipo yaliyobaki na kupata cheti.

Cheti cha kwanza ni cha miaka 7, na baada ya hapo unahuisha kila miaka 10. Iandike tarehe ya kuhuisha kwenye simu, kwenye daftari la mahesabu, na umwambie mtu wa pili.

Na jarida hilo lisome hata baada ya kupata cheti. Mtu akiomba jina linalofanana na lako, zile siku 60 ni zako wewe pia.

Hatua ya 10: Hakimiliki, COSOTA

Huhitaji usajili ili uwe na hakimiliki, lakini cheti cha COSOTA ni ushahidi wa tarehe na umiliki, na mahakamani kinapunguza maneno mengi. Peleka nakala ya kazi, kitambulisho, na majina ya wote walioshiriki pamoja na sehemu zao.

Wanamuziki, hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Wimbo mmoja una aliyeandika maneno, aliyetunga melodia, aliyetengeneza biti, aliyeimba, na aliyegharimia kurekodi. Waimbaji na watengenezaji wa rekodi wana hakishiriki, yaani haki juu ya uimbaji au rekodi yenyewe, tofauti na hakimiliki ya mtunzi. Kabla ya kutoka studio, andikeni karatasi ya mgawanyo: jina la wimbo, tarehe, kila mshiriki, kazi yake, asilimia yake, saini. Asilimia zifike 100. Biti iliyonunuliwa mtandaoni ina leseni yake. Isome, kwani nyingi zinauzwa kwa watu wengi na hazikupi umiliki. Mirabaha hufuata majina yaliyoandikwa, si kumbukumbu za watu.

Kwa Kurumbiza, mchoro wa ndege na wimbo wa tangazo ndivyo vya kupeleka.

Hatua ya 11: Siri ifungwe kweli

Andika kanuni ya kukaanga na vipimo mahali pamoja, palipofungwa. Kila mfanyakazi aone sehemu anayoihitaji tu: anayekaanga asijue uwiano wa kuchanganya. Mkataba wa ajira uwe na kifungu cha kutotoa siri, wakati wa ajira na baada yake, kikitaja ni taarifa zipi. Faili lisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Ukienda kwa mwekezaji au kiwanda cha kukusindikia, wasaini makubaliano ya usiri kabla ya kueleza. Siri ikishatoka kwa uzembe wako, hakuna ofisi itakayokurudishia.

Ukivuka mpaka

Cheti cha BRELA hakifiki Zanzibar. Huko usajili wa alama uko BPRA, chini ya sheria ya 2008, na hakimiliki iko COSOZA. Kenya ni KIPI, ambako alama hudumu miaka 10 kwa kila kipindi. Maumbo bunifu nayo husajiliwa huko kwa miaka 5, yakihuishwa mara mbili. Uganda ni URSB. Usajili mmoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haupo. Ukishaomba Tanzania, una miezi 6 ya kuomba alama ileile katika nchi nyingine za Mkataba wa Paris kwa tarehe yako ya mwanzo.

Watu wengi waliumizwa na habari kwamba Disney iliomba mwaka 1994 na kusajiliwa mwaka 2003 huko Marekani maneno "Hakuna Matata" kwa mavazi, na mwaka 2018 maelfu walitia saini mtandaoni kupinga. Uchungu huo una haki yake. Lugha ni ya watu. Kwa vitendo, usajili ule ni wa Marekani na wa nguo. Haumzuii mtu wa Mombasa au Unguja kuuza fulana zenye maneno hayo kwake, na haumzuii yeyote kuyatamka. Lakini anayetaka kupeleka fulana hizo Marekani, apate ushauri kwanza. Neno ambalo kwetu ni la kila mtu, msajili wa ng'ambo anaweza kuliona jipya.

Ukikwama

*Akaunti haikubali namba ya NIDA.* Mara nyingi taarifa hazifanani: jina la ndoa, herufi iliyoachwa, tarehe. Rekebisha NIDA kwanza. Usitumie kitambulisho cha ndugu, maana ombi litakuwa lake.

*Ombi limerudishwa kwa maelezo ya bidhaa.* Yaandike upya kwa majina ya bidhaa zenyewe, na hakikisha zote ni za daraja ulilochagua.

*Nimeambiwa alama inafanana na nyingine.* Itazame hiyo nyingine. Kama bidhaa ni tofauti kabisa, jibu kwa maandishi ukieleza tofauti za sauti, mwonekano na wanunuzi. Kama bidhaa inayogongana ni moja, iondoe kwenye orodha. Kama mwenyewe yuko radhi, leta barua yake ya ridhaa. Ikiwa majina yanakaribiana na bidhaa ni zilezile, badilisha jina kabla hujachapa lebo 10,000.

*Nimewekewa pingamizi.* Tarehe ya mwisho ya kujibu ndiyo ya kwanza kuitafuta kwenye hati. Ukinyamaza, ombi linahesabiwa kuwa umeliacha. Kusanya risiti, picha za bidhaa na matangazo yenye tarehe, kisha mwone wakili.

*Alama ni yangu binafsi, sasa nimefungua kampuni.* Fanya hati ya kuhamisha umiliki na iandikishwe BRELA. Daftari lisipobadilishwa, kampuni haitaweza kumshtaki mtu kwa alama hiyo.

*Mtu anauza bidhaa bandia kwa alama yangu.* Usianze kwa kumpigia simu. Nunua bidhaa moja, dai risiti ya EFD, piga picha duka na kopo, andika tarehe na mahali. Kisha, ukiwa na cheti, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), inayoshughulikia bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa, au mwandikie muuzaji barua ya onyo kupitia wakili. Kesi ya madai ifuate vikishindikana hivyo.

*Sina cheti na mtu ameiga jina.* Bado unaweza kudai kwamba anauza bidhaa yake akijifanya ni wewe, lakini utalazimika kuthibitisha umaarufu wa jina lako, mkanganyiko wa wanunuzi na hasara uliyopata. Ni njia ndefu na ya gharama. Wasilisha ombi la alama leo huku ukikusanya ushahidi huo, na ukikuta yeye ameshaomba, angalia kama siku 60 za jarida hazijaisha.